Hodi Kwenye Swali la Ishirini

Mimi ndiye niliyefukuzwa kwenye usahihishaji wa mtihani wa sayansi, na kabla hamjasikia ya mitaani, nisikilizeni mwenyewe. Sikuiba karatasi wala sikuuza majibu. Niliandika neno moja kwa kalamu nyekundu, na ningepewa kalamu ile leo ningeliandika tena, safari hii kwa herufi kubwa.

Tulikuwa walimu arobaini kwenye bwalo la shule ya bweni, wanafunzi wako likizo, meza bado zina alama za vikombe vyao. Kila meza ilikuwa na swali lake. Karatasi inaanzia meza ya kwanza, inasahihishwa swali moja, inasukumwa meza ya pili, hivyo hivyo mpaka inafika kwetu, meza ya swali la ishirini, la mwisho. Kabla haijanifikia mimi, ilipita kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, tuliyemwita Kobe kwa sababu hana haraka hata nyumba ikiwaka moto. Kazi yake ilikuwa kujumlisha alama za nyuma na kuziandika juu ya jalada kwa penseli, na nikishamaliza mimi, kuhakiki kama nimefuata mwongozo na kanuni.

Mkuu wa ukumbi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyeliingiza jina langu, na dada hakuchoka kunikumbusha nisimwaibishe mumewe. Asubuhi ya kwanza shemeji alisimama mbele akatusomea kanuni. Msahihishaji haandiki neno lolote kwenye karatasi ya mtoto, ni namba tu. Karatasi ikiandikwa neno inahesabiwa imechafuliwa: inafungwa kwenye bahasha na kusomwa upya na jopo la watu watatu, ambao wanapima hoja zenyewe bila kufungwa na mwongozo. Aliyeichafua anakusanya vyake anakwenda nyumbani, na haitwi tena. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi mdomo wangu ni mkali, lakini masikio yangu ni mazima.

Swali letu liliuliza kama kuna viumbe wenye akili kwingineko nje ya dunia yetu, na kwa nini. Alama nne. Mwongozo ulitaka neno Hapana, kisha hewa, maji na ukosefu wa ushahidi. Nilipousoma nilicheka kwa sauti. Nikamuuliza shemeji ni nani aliyezikagua sayari zote akarudi na jibu hilo. Akasema tusianze. Nikasema kukosa ushahidi kwamba wapo ni jambo moja, na kuwa na ushahidi kwamba hawapo ni jambo jingine kabisa, na mwalimu wa sayansi asiyejua tofauti hiyo arudi akakae dawati la mbele. Meza nzima ikainamisha vichwa. Shemeji alitabasamu kwa ajili ya watu, akaniambia nisahihishe.

Siku mbili nilisahihisha shingo upande. Watoto walikuwa wamekaririshwa: Hapana, Hapana, Hapana. Waliosema Ndiyo walinielezea vichwa vikubwa, macho ya kijani na bunduki za mwanga. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, Kobe akanisogezea karatasi yenye arobaini na sita juu ya jalada. Hamsini ndiyo ya kuvukia. Akaigonga ile namba kwa ukucha. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

Mwandiko ulikuwa mbaya, wa mtu anayekimbizana na saa. Alikuwa ameandika hivi:

"Sijui. Na wewe unayesahihisha pia hujui. Nyota ni nyingi sana, kwa hiyo nadhani wapo, lakini wingi wa nyumba hauonyeshi kama ndani kuna watu. Wengi wanasema wakija watatuvamia. Nadhani wanasema hivyo kwa sababu sisi ndivyo tungefanya. Mwenye akili akifika kwenye nyumba asiyoijua anapiga hodi, anasubiri, asipoitikiwa anaondoka. Labda walishapiga hodi sisi tukiwa tunapiga kelele. Au labda na wao wanaogopa kuuliza, kwa sababu mkubwa wao amewaambia jibu ni hapana."

Nilisoma mara tatu. Mtoto wa watu, kwenye mtihani wa kumvusha au kumrudisha, ananiambia mimi sijui, na anasema kweli. Sikujua ni wa kike au wa kiume, anaishi wapi, analelewa na nani. Nilichokuwa nacho ni namba yake ya mtihani. Lakini upande wa pili wa ile namba kulikuwa na akili, inanisemesha, na mwongozo ulinitaka nijibu kwamba hakuna kitu. Machozi yakanilenga, na mimi silii ovyo, waulizeni nyumbani.

Nikampelekea shemeji. Nikamwomba kwa adabu kabisa anikubalie nne. Hakuisoma. Alitazama neno la kwanza, akatazama mwongozo, akasema Sijui si Hapana. Nikamwambia asome mpaka mwisho. Akasema mle ndani kuna karatasi elfu thelathini, na kila mwalimu akianza kuwa na mtoto wake hatutamaliza. Kisha akaniinamia, akashusha sauti.

"Shemeji, nisitiri. Kazi hii nimekuombea mimi. Weka sifuri, tuendelee."

"Soma kwanza," nikasema. "Ukishasoma, niambie tena hiyo sifuri."

"Sina muda wa kusoma."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Watu wazima arobaini tumefungiwa kwenye bwalo kwa kazi moja tu, kusoma, na mkuu wetu hana muda wa kusoma. Nikarudi kukaa. Ningeweza kumwandikia nne, lakini Kobe angelazimika kunirudishia na shemeji angeifuta. Njia ilibaki moja, na shemeji mwenyewe ndiye aliyenionyesha asubuhi ile ya kwanza. Nikamfikiria dada na simu atakayonipigia. Nikasema liwalo na liwe. Chini ya jibu, pale mtoto alipoishia, nikaandika kwa herufi za kusomeka:

Karibu.

Kobe aliona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akainua mkono kama kanuni inavyomtaka. Shemeji akaja mbio. Alipouona ule wekundu akanitolea macho, akaniuliza mbele ya watu nimefanya nini.

"Nimeitikia hodi," nikamwambia. "Sasa itieni kwenye bahasha. Watu watatu watakaa chini na watasoma, watake wasitake."

Ili ajaze fomu ya uchafuzi ilimbidi aupitie ukurasa wote. Aliusoma amesimama. Nilikuwa nakusanya mkoba wangu na chupa yangu ya maji, nikaona midomo yake inatembea na maneno ya yule mtoto. Alipomaliza hakunitazama. Akafunga bahasha, akaniambia niende, na sauti haikuwa ile ya mwanzo.

Dada alininunia wiki tatu. Sasa tunazungumza, ila ananiita Balozi wa Nyota, na wanawe wameshalidaka jina. Sijaitwa tena kusahihisha. Darasani kwangu swali lile nalifundisha kwa jibu la yule mtoto, na mkaguzi akitaka kuja na aje.

Kobe alinipigia simu baadaye. Jopo lilijifungia na karatasi moja kuanzia chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, na sauti za kubishana zilisikika hadi nje. Zaidi ya hapo hakujua. Matokeo yalitoka kwa namba, shule ni mamia, na namba ya yule mtoto sikuwa nimeikariri; nilipotaka kuitazama wakati naondoka, shemeji aliifunika kwa kiganja. Watu hawaishi kuniuliza: haya, mwisho wake ulikuwaje, mtoto alivuka au hakuvuka?

Sijui. Haya, niandikieni sifuri.