Mkaguzi Nyuma ya Kobe

Miaka ishirini na sita nimefundisha chekechea kwa chaki, nyimbo na mdomo wangu huu, na hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwangu bila kuujua mkono wake wa kushoto. Kisha wakatuletea roboti. Kidude chenyewe ni cha plastiki, kina magurudumu, kikubwa kama sahani, na watoto walikiita Kobe siku hiyohiyo. Mgongoni ana vibonye: mbele, nyuma, kulia, kushoto, na cha kijani cha kumfanya aondoke. Mtoto anapanga amri moja baada ya nyingine, anabonyeza kijani, naye Kobe anazifuata kama zilivyopangwa. Kulikuwa na kingine cheupe, kidogo, ambacho mimi nilidhani ni pambo.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita. "Mwalimu, Ijumaa tuna mkaguzi. Kitu hiki kikikushinda, darasa nampa mwingine, wewe utakwenda stoo ya vitabu."

Alisema "stoo" kwa sauti ya mtu anayenipa zawadi. Nikafanye nini stoo? Vitabu havina kamasi za kufutwa, wala havikukumbatii magoti asubuhi. Sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Nikawafanyisha mazoezi. Kila mtoto alikuja kwa zamu yake, akabonyeza safari yake kwenye mgongo wa Kobe, akarudi kukaa. Kijani nilikataza kisiguswe, maana sikutaka betri iishe kabla ya Ijumaa. Nilijiona mjanja kweli.

Mkaguzi alikuwa mwembamba, tai imemkaba, fomu ameibana kwenye kibao. Watoto thelathini na mmoja wakampigia shikamoo ya kutikisa madirisha. "Marahaba," akajibu, kisha akaandika kwamba amesalimiwa. Mwalimu mkuu alibaki ofisini kwake, ng'ambo ya korido, akisubiri habari njema za stoo.

Nikamwita Kibogoyo. Huyu ni binti wa miaka mitano, meno ya mbele yamemtoka yote, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla wenzake hawajamwahi. Nilikuwa nimechora nyumba sakafuni kwa chaki.

"Mpeleke Kobe nyumbani."

Akabonyeza mbele, mbele, kulia, mbele. Halafu kijani.

Kobe akaipa nyumba kisogo, akaelekea mlangoni.

Nilimrukia. Mkaguzi akaninyooshea kalamu. "Usimguse! Fomu inasema roboti isiguswe na mtu mzima mpaka imalize amri."

Basi tukamfuata. Kobe mbele, mkaguzi nyuma yake akiandika, watoto nyuma ya mkaguzi, na mimi nyuma ya wote, jasho likinitiririka. Kobe alizunguka koridoni mara mbili, akarudi nyuma, akafikiri kidogo, akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila hodi.

"Nini hiki? Msimamisheni!" Mwalimu mkuu aliinuka.

"Asiguswe," mkaguzi akasema. "Na wewe usisogee, unaweza ukawa kizuizi halali."

Mwalimu mkuu akaganda, mguu mmoja juu. Kobe akafika ukutani, akaanza kuusukuma. Guu. Guu. Guu. Mkaguzi alipekua fomu yote akitafuta mahali pa kuandika ukuta, hakupata.

"Ataendelea mpaka lini?" akaniuliza.

Maji yalikuwa yameshanifika shingoni.

Kibogoyo ndiye aliyejibu. "Anafanya amri zetu zote. Za tangu Jumatatu." Akawageukia wenzake. "Pangeni mstari! Aliyebonyeza kwanza akae mbele!"

Watoto husahau viatu, husahau mikoba, lakini zamu hawasahau. Mstari ukapangika bila hata ugomvi mmoja. Kobe alipogeuka, mmoja akaruka: "Hiyo yangu! Kushoto, mbele tatu!" Akatoka mstarini. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alikiri kwa machozi kwamba kuusukuma kote kule ukuta kulikuwa kwake, alibonyeza mbele mara kumi na tisa kwa sababu ilikuwa tamu. Mstari ukapungua hadi akabaki Kibogoyo peke yake.

"Sasa mimi. Mbele, mbele, kulia, mbele."

Kobe akaenda hivyohivyo, akasimama chini ya mguu wa mwalimu mkuu uliokuwa bado hewani. Piip.

Kibogoyo akamwinua. "Lazima awe na kibonye cha kusahau. Hivi vingine vyote vina kazi, kasoro hiki cheupe." Akakibonyeza. Akapanga tena amri zake nne, na Kobe akazifanya hizo nne tu, akatulia.

Mkaguzi alisoma kwa sauti: "'Aliyegundua kosa na kuonyesha namna ya kulirekebisha aandikwe kwenye nafasi ya mwalimu.'" Akaandika: Kibogoyo, miaka mitano. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe? Ulikuwa unakijua hicho cheupe?"

Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu. Ningeweza kusema nilikijua, nilikuwa nawapima watoto. Uongo ulishanifika kwenye ncha ya ulimi. Lakini wote thelathini na mmoja walikuwa wananiangalia.

"Sikukijua. Nimejifunza sasa hivi, kwake."

"Aliyejifunza ni mwanafunzi," akasema, akaniandika wa thelathini na mbili.

"Kwa hiyo aende stoo!" mwalimu mkuu akadakia.

Mkaguzi alimshangaa. "Mwanafunzi apelekwe stoo? Mwanafunzi hukaa darasani." Akagonga muhuri.

Tukarudi. Nikakaa mkekani na wenzangu, magoti yamenifika kidevuni, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Mkaguzi akasimama mlangoni, ukurasa mpya tayari. Kibogoyo alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, kama nifanyavyo mimi. Akatutazama. Tukamtazama.

"Wewe mkubwa hapo," akaninyooshea kidole. "Njoo ufundishe. Mimi yaliyobaki siyajui."

Niliinuka upesi, kabla mkaguzi hajapata mahali pa kuliandika hilo.