Mwenyekiti wa Petroli ya Mahindi

Delmar Rozeboom alikuwa mwenyekiti wa ushirika wenye kiwanda cha ethanoli, kule kaskazini-magharibi mwa Iowa, na hakuna aliyejua kuisifia spiriti hiyo ya mahindi, inayochanganywa na petroli, kama yeye. Awe mkutanoni, awe kwenye kahawa ya baada ya ibada, awe hata msibani, hakuketi mpaka awe amewakumbusha watu kwamba mahindi yao ndiyo yanayoendesha magari ya nchi nzima, na kwamba anayeogopa kuyatia kwenye tangi lake ni mwoga tu, au ana shemeji kwenye visima vya mafuta huko Texas.

Jambo moja hakulisema. Gari lake mwenyewe, gari dogo la rangi ya damu ya mzee alilorithi kwa mama yake, la mwaka 1996 na lenye maili karibu laki tatu, lilikuwa halijaonja tone la ethanoli kwa miaka mingi. Kila tangi lilipokaribia kukauka, Delmar alitupa fimbo ya kuvulia samaki kwenye buti, akaendesha mpaka mji wa ziwani. Huko, nyuma ya duka la mashua, palikuwa na pampu moja ya petroli tupu, isiyochanganywa na kitu, waliyowekewa wenye boti. Alijaza tangi, akajaza na madumu, akarudi nyumbani kwa njia ya mashambani.

Mkewe, Arlys, hakuwa mjinga.

"Samaki wa leo wananuka petroli," alimwambia siku moja, akimpokea koti.

"Hawajauma leo."

"Hawajauma tangu tumzike mama yako. Hivi kwa nini usiwaambie watu tu kwamba unaogopa?"

"Siogopi. Gari ni zee, mipira yake mizee. Spiriti inaila mipira ya namna hiyo, na inabandua uchafu wote ulioganda kwenye tangi. Umesahau ilivyoifanya mashine ya kukatia majani?"

"Mimi sijasahau. Waliosahau ni wale unaowahubiria."

Mambo yakaendelea hivyo mpaka kiangazi kimoja, kituo cha mafuta cha mjini kilipoleta pampu mpya. Petroli ya kawaida ilikuwa na ethanoli sehemu kumi katika mia. Hii ilikuwa na kumi na tano. Ikaandaliwa sherehe: bendi ya shule, maputo, akina mama wakigawa mikate ya nyama ya nguruwe mbele ya kanisa la jirani. Muuza magari mmoja aliahidi kuleta gari jipya linalong'aa, lijazwe mbele ya watu. Asubuhi ya sherehe akapiga simu kusema limeshanunuliwa.

Marcene, meneja wa kituo, hakubabaika hata kidogo. Alishika kipaza sauti.

"Mwenyekiti! Lete la kwako!"

Delmar aliurudisha mkate wa nyama sahanini. "Langu? Lile zee, Marcene. Litatuharibia picha."

"Hapo ndipo penyewe! Watu wakiona kikongwe kama kile kinakunywa, nani tena atakuwa na kisingizio?"

"Tangi limejaa."

Lyle Wubben, makamu wake, alikwisha kuingiza kichwa dirishani mwa gari. "Mshale uko robo, Del! Vipi, unayaogopa mahindi yako mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Delmar naye akacheka, maana angefanya nini. Alijua kwamba kwenye pampu ile palibandikwa onyo kwamba magari ya kabla ya mwaka 2001 yasijazwe mafuta hayo. Lakini onyo lenyewe lilikuwa limefunikwa na fungu la maputo, na mwenyekiti wa ethanoli hawezi kupasua maputo mbele ya kadamnasi ili awasomee wanachama wake sababu za kutonunua ethanoli. Akaleta gari. Akalijaza kwa uso wa mtu anayemnywesha mama yake dawa ya mganga asiyemwamini.

Wakamtaka alizungushe barabara kuu, watu waone. Aliwasha, masikio yakiwa kwenye injini, moyo ukiwa kwenye injini. Gari likaunguruma vizuri ajabu. Akapita benki, akapita kinyozi. Likavuta kuliko kawaida, au yeye ndiye aliyeona hivyo, na wazo likamjia kwamba huenda miaka yote hii amekuwa akijisumbua bure. Akaanza hata kupunga mkono.

Mbele ya kanisa, pale pale penye foleni ya mikate, gari likakohoa mara moja, likazima.

Bendi ikanyamaza, chombo kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wanaume wakaja kimya kimya, kama wabeba jeneza, wakalisukuma mpaka gereji ya Trudy, binti wa dada yake.

Alasiri Trudy alimwita. Alikuwa amekwisha kung'oa kiti cha nyuma.

"Mjomba, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukusema, na yalikuwa makali. Sasa yote yameharibika. Njoo uone."

Chini ya kiti palikuwa na kiota cha maganda ya mahindi, na nyaya zilizotafunwa mpaka shaba ikabaki uchi.

"Panya. Wamekula nyaya za pampu ya mafuta. Hata ungelijaza maji ya baraka, lingezima."

"Kwa hiyo si ethanoli?"

"Ya leo, si ethanoli. Mipira bado mizima, chujio chafu lakini linapitisha. Ya mwakani siyajui. Hili ni zee, mjomba, usilizoeshe."

Delmar hakuisikia sehemu ya mwisho. Alichukua kipande cha waya na kwenda mbio mkahawani, ambako Lyle na wenzake walikuwa wameinamia kahawa zao kama watu waliofiwa.

"Jamani, ni panya!"

Lyle aliwatazama wenzake, kisha akamtazama yeye, kwa upole. "Panya."

"Panya kweli! Muulizeni Trudy!"

"Mpwa wako. Sawa, Del. Tukiulizwa, tutasema panya."

"Si tutasema! Waya huu hapa, tazameni meno!"

"Umeutafuna mwenyewe?" mmoja akauliza, na meza nzima ikacheka kwa mapenzi, mtu akimpigapiga mgongoni.

Mji wote ukawa hivyo. Kila alivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kumkonyeza, wakiamini panya amewatunga ili kuilinda ethanoli. Na kwenye mkutano mkuu wa ushirika, kabla ya uchaguzi, Lyle alisimama akiwa na kitu kimefunikwa kitambaa.

"Kuitetea ethanoli mambo yakiwa mazuri, kila mtu anaweza," alisema, sauti ikitetemeka kidogo. "Huyu, gari lilimfia mikononi, na bado alisimama na panya wake mpaka mwisho. Kwa ajili yetu sisi."

Ukumbi mzima ukasimama, makofi yakarindima. Kitambaa kikafunuliwa: hindi la kioo, lenye jina lake. Delmar alikwenda kwenye kipaza sauti, masikio yamemwiva.

"Jamani, nawaapia, walikuwa panya."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, kisha wakamchagua tena bila mpinzani.

Wakirudi nyumbani Arlys ndiye aliyeendesha.

"Miaka yote umewadanganya, wakakuamini," alisema.

"Na leo nimesema kweli."

"Na umepokea zawadi ya uongo."

"Ningefanyaje, Arlys? Niwaambie nini?"

Arlys alikata kona ya kuingia nyumbani. Hindi lile liliwekwa juu ya friji, mahali ambapo Delmar hakulazimika kulitazama. Gari lilitengenezwa na bado linatembea. Akiulizwa linatumia mafuta gani, mwenyekiti hujibu, "Mazuri," kisha huuliza kama mvua ya juzi ilifika na kwenu.