Zamu za Marehemu

Siku ya Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Pindo alikuwa amesimama kando ya barabara kuu na sare tatu za wauguzi mkononi, zimepigwa pasi na kufungwa ndani ya gazeti, akisubiri malori yapungue avuke. Malori hayakuwa na nia ya kupungua. Barabara ile ilikuwa na njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, nayo ilikuwa imeupasua mtaa kama mkasi upasuavyo kitambaa: nyumba zikabaki upande huu, na soko, shule na zahanati upande ule. Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina lenyewe alipewa kwa ajili ya mapindo yake, ambayo tangu aanze kushona hayajawahi kufumuka.

Alikuwa amesubiri dakika kumi na mbili aliposikia mtu anakohoa pembeni yake. Alikuwa mumewe, fundi viatu, aliyegongwa papo hapo miezi minane iliyopita na kuzikwa Alhamisi iliyofuata. Alivaa shati lile lile la kijani, na kiatu kimoja.

"Utachelewa," mumewe alisema.

"Nimeshachelewa. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kilikwenda na lori."

Akashuka barabarani, akainua mkono wa kulia. Lori la saruji likalia breki, likayumba, likasimama hatua moja kutoka kifuani pake. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, unataka kufa?"

"Nimeshakufa," fundi viatu alijibu kwa upole.

Dereva akamtazama vizuri, akaona ni kweli, akazima injini. Magari ya nyuma yakasimama pia. Mama Pindo akavuka kwa mwendo wa kawaida, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika barabara ile kwa miaka mitatu, akafikisha sare zahanati. Aliporudi alimkuta mumewe anamvusha mwanamke mwenye kikapu cha nyanya.

"Njoo nyumbani basi unywe chai," alimwambia.

"Nenda tu. Kuna watu wanasubiri."

Mama Pindo aliumia kidogo, lakini hakushangaa. Hata alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo, wateja kwanza.

Kufikia Ijumaa marehemu walikuwa kumi na mmoja. Alikuja mwalimu wa hesabu, aliyegongwa akiwa amebeba madaftari ya darasa la sita. Alikuja muuguzi, aliyegongwa akiwahi zamu ya asubuhi. Walikuja ndugu wawili wauza magazeti, ambao hawakuwa wakisemezana walipokuwa hai na hata sasa walisimama kila mmoja kwenye njia yake bila kuangaliana. Alikuja pia mzee mmoja asiyejulikana na mtu yeyote, kwa kuwa siku aliyogongwa alikuwa mpita njia tu. Lakini alifanya kazi kama mwenyeji, tena kwa bidii kuliko wenyeji wenyewe. Mwalimu wa hesabu akapanga zamu na kuziandika kwa chaki kwenye ukingo wa lami. Zamu ya asubuhi watu wanne, ya mchana watatu, ya jioni wanne, kwa sababu jioni watu hurudi wakiwa wamechoka na haraka zao ni mbaya.

Mtaa ulizoea upesi. Wanafunzi walivuka wakiwa wameshikana mikono. Wajawazito walivuka bila kushika tumbo. Waliolalamika ni madereva, waliosema marehemu hawana taa nyuma. Mama mkwe wake Mama Pindo naye alipeleka kigoda kila asubuhi, akakaa kando ya barabara kumgombeza mwanawe.

"Siku ya nne hii upo mjini," alimwambia. "Kufa ndiyo mtu asisalimie mama yake?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Angalia lile basi."

Sasa, mtaa huu ulikuwa na Kamati ya Daraja. Mama Pindo alikuwa mwenyekiti, na katibu wake alikuwa kinyozi, mtu mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi. Kwa miaka mitatu walikuwa wameomba kitu kimoja tu: daraja la kupita kwa miguu, lenye ngazi pande mbili na kingo za kushikia. Waliandika barua kumi na nne. Waliandamana mara tatu, na Mama Pindo alishona mabango saba kwa vipande vya vitambaa vya wateja, ndiyo maana neno DARAJA liliandikwa kwa maua katika bango moja na kwa mistari ya suruali katika jingine. Kila barua ilijibiwa kwa sentensi ile ile: suala lenu linashughulikiwa.

"Likishughulikiwa zaidi ya hapo litachakaa," kinyozi alisema, akalitia jibu la barua ya kumi na nne kwenye droo ya nyembe.

Ni yeye aliyetoa wazo kwamba marehemu nao watie saini. "Hakuna mwenye haki ya kudai daraja kuliko hawa," alisema. "Sisi tunaogopa kugongwa. Wenzetu wameshagongwa."

Wakatia saini wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa kupokezana zamu ili barabara isibaki wazi. Mzee asiyejulikana aliweka alama ya msalaba. Kinyozi alipomuuliza jina, alisema haoni haja ya kuwasumbua sasa.

Baada ya wiki sita Mama Pindo na kinyozi walizipeleka saini ofisi ya barabara, ghorofa ya pili. Mhandisi aliwapokea vizuri, akawapa viti, akaweka jiwe juu ya karatasi zao zisipeperushwe na feni. Alisoma majina mia tatu na kumi na mawili bila neno. Alipofika kwa marehemu akavua miwani.

"Hawa siwezi kuwapokea. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lakini wapo," Mama Pindo alisema. "Tangu alfajiri wapo barabarani. Mume wangu yupo zamu ya asubuhi."

"Kiserikali hawapo, mama. Mlileta vyeti vya vifo wenyewe." Akafungua jalada, akavionyesha. Vilikuwa kumi na kimoja, vimepigwa mihuri. "Halafu kuna jambo jingine, ambalo ni habari njema. Mtaa wenu ulikuwa wa nne kwenye orodha ya maeneo yanayohitaji daraja. Lakini tangu mwezi uliopita hakuna hata mtu mmoja aliyegongwa. Kwa hiyo mmeshuka hadi namba sitini na moja. Niwapongeze."

Feni ilizunguka. Kinyozi alijikuna kidevu, ambacho alikuwa amekinyoa vizuri kwa ajili ya siku hiyo.

"Kwa hiyo tukigongwa ndiyo tutapata daraja?"

"Sikusema hivyo. Nimesema takwimu."

"Takwimu ni watu wangapi?"

Mhandisi hakutaka kukisia. Akatoa kitabu kabatini, akapekua hadi ukurasa uliohitajika. "Kuanzia wanane kwa mwaka, suala linaingia kwenye mchakato."

Jioni ile kamati ilikutana kwenye kibanda cha kinyozi, marehemu wasio zamu wakiwa mlangoni. Mwenye duka la vifaa vya baiskeli alipendekeza marehemu wagome wiki moja, ofisi ipate adabu. Kila mmoja alifikiria ni nani katika familia yake anayevuka mara nyingi.

"Wanane wenyewe watatoka nyumba zipi?" muuguzi aliuliza kutoka mlangoni. "Mimi nilikufa nawahi zamu. Sasa nimeipata, siiachi."

Wazo likafa pale pale, na halikurudi.

Siku ya pili mchana, mumewe alipotoka zamu, Mama Pindo alikaa naye kwenye ukingo wa barabara. Malori yalipita yakiwarushia vumbi, naye akajifunika mdomo kwa khanga. Fundi viatu hakuhitaji.

"Umekonda," alimwambia mumewe.

"Nimechoka, mke wangu. Siku ya maziko mliniambia nipumzike. Kila aliyesimama alisema hivyo, hata yule jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya ukuta. Basi mimi nikaamini, nikaanza kupumzika. Palikuwa pazuri, kimya. Halafu nikasikia honi."

"Honi ya nani?"

"Ya lori la saruji. Nikajua umesimama kando pale unapiga hesabu za kuvuka, na wewe hesabu hujui."

Mama Pindo aliona uzi umening'inia kwenye kola ya shati la mumewe, akauvuta, akaukata kwa meno.

"Kukiwa na daraja utarudi kulala?"

"Siku hiyo hiyo. Hata ngazi sitazijaribu."

Usiku ule hakushona. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu wa hesabu, aliyekuwa zamu, akamuuliza kama sheria inasema mtu avuke kwa kasi gani. Mwalimu alikuwa amesoma sheria zote za barabara baada ya kufa, kwa kuwa alipata nafasi. Sheria inasema gari lisubiri mpaka mvukaji amalize kuvuka, alimwambia. Kasi ya mvukaji haikutajwa popote.

Jumatatu mtaa mzima ulivuka barabara. Walivuka kwa mstari, polepole, kama watu wanaosindikiza bibi harusi, na mstari wa kwanza ulipofika ng'ambo mstari wa pili ulianza kurudi. Marehemu wote kumi na mmoja walisimama kwenye njia nne wakiwa wameinua mikono. Mama Pindo alitangulia na bango la maua. Mama mkwe alivuka mara tisa, akisimama katikati kila mara kumweleza dereva wa gari la mbele jinsi mwanawe alivyokuwa mtoto mwenye afya. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika kiwanda cha saruji upande mmoja na uwanja wa ndege upande wa pili. Madereva waliteremka, wakakaa vivulini mwa malori yao. Kinyozi alivuka na kiti chake, akawanyoa watatu.

Katika foleni ile alikuwemo Mhandisi, akienda kwenye kikao kuhusu usalama barabarani. Saa sita aliliacha gari, akaja kwa miguu, koti begani, akafika ukingoni. Fundi viatu akamwona, akamshika kiwiko, akamvusha taratibu mpaka ng'ambo, akimwonya pale lami ilipochimbika.

"Asante," Mhandisi alisema. "Unafanya kazi nzuri sana."

"Na daraja?" Mama Pindo aliuliza, kwani alikuwa nyuma yao.

Mhandisi aliitazama barabara, akawatazama marehemu, akayatazama malori yaliyosimama kimya hadi upeo wa macho. Sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa alipojibu.

"Sasa tatizo nimeliona kwa macho yangu."

Mtaa ulishangilia. Kinyozi aliandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kamati na kuyapigia mstari. Fundi viatu, akijua daraja likija atarudi kulala, aliaga wenzake mapema, asije akasahau mtu.

Wiki mbili baadaye gari la ofisi ya barabara lilikuja na turubai, viti vya plastiki na mpiga picha. Mhandisi alisimama, akasema ofisi yake imesikia kilio cha wananchi na imechukua hatua. Imegundua kwamba watu wanaoongoza magari katika kivuko hiki hawaonekani vizuri, hasa jioni, na kwamba hawana vitendea kazi. Kwa hiyo leo inawakabidhi filimbi na vizibao vya kung'aa, na kila mmoja atapewa cheti cha kujitolea.

Marehemu waliitwa kwa majina, wakapiga picha. Kwenye picha, wanasema walioziona, vizibao vilitoka vizuri sana. Ndugu wauza magazeti walikuta vyeti vyao vimebadilishana majina, wakalazimika kubadilishana, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza kwa miaka sita. Cheti cha mzee asiyejulikana kilikuwa na nafasi tupu kwenye jina. Alikikunja mara nne, akakitia mfukoni kwa heshima.

Fundi viatu alivaa kizibao chake juu ya shati la kijani. Kilimpwaya. Alikaa kidogo kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuwa amefunga mizigo na kuambiwa safari imeahirishwa. Kisha akasimama, kwa sababu wiki hiyo zamu ya jioni ilikuwa yake.

Watu wa ofisi walipokuwa wanakunja turubai, Mama Pindo aliona sanduku halijaisha. Ndani kilibaki kizibao kimoja, kipya, kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Hawa ni kumi na mmoja," alimwambia Mhandisi. "Mmeleta kumi na viwili."

"Hicho cha akiba, mama," Mhandisi alisema, akafunga mlango wa gari.

Hakuna aliyetaka kukaa nacho nyumbani. Kinyozi alisema kibanda chake ni kidogo. Mwenye duka la baiskeli alisema mke wake hatakubali. Mwishowe wakakitundika kwenye nguzo ya taa pale kivukoni, na hapo kipo mpaka leo. Kila anayevuka hukitupia jicho, halafu hujitia kuangalia kitu kingine. Mama Pindo alikipima kwa macho siku ya kwanza tu, kwani fundi hawezi kujizuia. Kilikuwa saizi ya kati. Kwa kupunguza kidogo hapa au kuachia kidogo pale, kingemkaa mtu yeyote mtaani.

Jioni hiyo hiyo alikaa na kinyozi wakaanza barua ya kumi na tano.