Kifundo Kilichochuliwa

Mfagiaji alikuwa amefika katikati ya ngazi za wodi ya wanaume, ndoo mkono huu, dekio mkono ule, kifundo cha mguu wake wa kulia kilipokwama. Kilikwama hasa, kama mlango uliobanwa na kokoto. Akapiga yowe.

"Mama Chechemea, umeanza tena kudeka?" msimamizi wake akafoka kutoka chini. Jina hilo walimpachika tangu alipoteleza kwenye ngazi hizo hizo, mwaka jana.

Daktari wa mifupa, binti aliyehamia hospitali hiyo juzijuzi, alikuwa akipanda. Akachutama, akamvua kiatu, akaukunja wayo taratibu kuelekea juu.

"Hapa?"

"Mama yangu wee! Hapo hapo!"

"Ulipigwa picha?"

"Picha ya nini, daktari? Mkubwa wenu alisema nimeteguka kidogo, nichuliwe tu. Mume wangu ananichua mpaka anatoka jasho."

Alipigwa picha siku hiyo, katika chumba ambacho mwenyewe hukideki kila asubuhi. Daktari akaitazama, akaitazama tena.

"Mama, mguu huu ulivunjika. Si leo, ni ulipoanguka. Ukingo wa mfupa wa muundi ulimeguka hapa mbele, kipande kikaunga kombo. Kila ukipanda ngazi kinabana nyama. Hiki hakichuliwi. Tutakitoa kwa upasuaji mdogo, kisha upumzike, utembelee magongo, ufanye mazoezi."

Mfagiaji akashika ukingo wa kitanda. Ulivunjika? Akaiona mikono ya mume wake, gumba likizama penye uvimbe, na sauti yake ya upole: "Vumilia, mke wangu, dawa ni chungu." Naye alivumilia, akauma kanga, akamshukuru. Atamwambiaje mtu yule?

Daktari mkuu akaingia, akaitupia picha jicho.

"Huyu? Sikumbuki kumtibu."

"Ulinibonyeza juu ya soksi," akasema mfagiaji. "Ulikuwa unaongea na simu."

"Sasa kama ulikuwa unaumwa, mbona hukurudi kusema?"

Mfagiaji alimkodolea macho mzee yule kana kwamba ndiyo kwanza amwone.

"Nimechechemea mlangoni pako kila siku ya Mungu, daktari. Ulikuwa unaniruka na ndoo yangu."

Daktari binti aliinamisha kichwa. Msimamizi, aliyekuwa amesimama kizingitini muda wote, akakohoa.

"Pole, mama. Ila kampuni yetu ya usafi hailipi mtu wa kulala. Ukilazwa, nafasi yako anachukua mwingine, hilo unalijua. Na saa hizi korido ni chafu, mkurugenzi wa hospitali anapita kukagua mchana."

Mfagiaji akamtazama, kisha akautazama mguu wake, umevimba na kuwa mwekundu kwenye sakafu aliyoing'arisha mwenyewe. Akajivuta kitandani na kiatu kimoja, akajilaza.

"Apite," akasema. "Atanikuta hapa."