Vidole vya Baba

Fundi cherehani alinunua sanduku la santuri kuukuu mnadani. Hakufuata muziki, alitaka zile bahasha za karatasi ngumu za kukatia vipimo vya kola. Gramafoni ilikuwamo humo humo. Asubuhi moja, akipiga pasi, aliweka santuri ya juu kabisa. Ulikuwa muziki wa bluzi wa zamani: gitaa moja na sauti ya mwanamume anayeimba kama anaongea na ukuta. Karatasi ya katikati haikuwa na jina la mtu.

Mama mkwe wake alitoka chumbani, chanuo bado limechomekwa nyweleni.

"Huyo ni baba," alisema.

Mwanamume mwenye sauti hiyo alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini. Alikuwa kijana vile vile kama siku alipokwenda kurekodiwa asirudi. Binti yake sasa ni bibi kizee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

"Na wewe umekonda."

"Nilikufa. Homa ilinikamata njiani nikirudi."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Miaka yote nyumbani waliambiwa kwamba baba amepata mke mwingine.

Fundi alileta chai, lakini mgeni hakuweza kushika kikombe. Vidole vya kushoto vilibana nyuzi zisizokuwapo, vya kulia vikazidonoa. Alieleza kwamba kila apigapo mtu mpigo wa gitaa alioubuni yeye, popote pale, vidole vyake hufuata. Zamani wapigaji walikuwa wachache, akipata usingizi. Siku hizi mpigo huo upo kila mahali: kwenye baa, harusini, hata katika matangazo ya sabuni.

"Nilikuja nikushike mkono tu," alimwambia binti yake.

Walijaribu. Vidole vilichomoka kama samaki.

Mchana fundi alikwenda kituo cha redio. Aliomba jina la babu huyo lisomwe hewani, na wapiga gitaa wampumzishe japo dakika moja. Mtangazaji alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, marehemu wanaleta maombi mengi," alisema. "Ila mpigo huo una mwenyewe. Jioni atakuwa hapa studioni."

Jioni walimsikia redioni huyo mwenye mpigo akisimulia jinsi mpigo ulivyomjia akiwa anaoga. Mtangazaji alicheka. Kisha gitaa likaanza, na vidole vya baba vikalifuata.

"Anapiga vizuri," baba alisema. "Ila pale kati ana haraka. Pale nilikuwa nakuwaza wewe."

Fundi alizima redio. Vidole havikusimama; nyumba ya jirani ilikuwa ikisikiliza kipindi hicho hicho.

Mama mkwe alisogeza kigoda chake. Aliingiza kiganja chini ya vidole vya baba yake, akakiacha hapo, vikawa vinapiga juu yake.

"Endelea tu, baba," alisema.

Ng'ambo ya ukuta, mtangazaji alimshukuru yule mwanamuziki kwa jina lake kamili, akalirudia mara ya pili.