Vidole Kumi na Tatu

Mgeni aliingia dukani na begi zito la vyuma, akalitua juu ya kitambaa cha suti ambacho Shangazi alikuwa ametoka kukipiga pasi, akauliza, "Samahani, mama. Yule mwenye vidole kumi na tatu nimemkuta?"

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, maana alichotaka kusema kilihitaji mdomo mzima.

"Kwanza begi," alisema.

Mgeni akalinyakua begi lake na kulikumbatia kifuani.

"Haya. Ulisema vidole vingapi?"

"Kumi na tatu, mama. Nimevihesabu mwenyewe. Kwa sikio."

Nyuma ya pazia, katika stoo ya vitambaa, kijana aliyeitwa Kidole alitega sikio. Jina hilo alipewa na Shangazi, dada wa baba yake, kwa sababu kazi yake yote ya muziki aliifanya kwa kidole kimoja, cha kubofyea kipanya cha kompyuta, tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kipoe. Wimbo wake mmoja ulikuwa na wiki mbili redioni, na tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alitoka nyuma ya pazia akitabasamu tabasamu la watu maarufu, ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi.

Mgeni hakumtazama usoni. Alimtazama mikono.

"Hivyo vingine viko wapi?"

Mgeni huyo alikuwa fundi wa vinanda. Kwa miaka thelathini alikuwa akirekebisha sauti za vinanda vya watu, na sikio lake liliweza kutenganisha sauti kama mtu anavyochambua mchele. Katikati ya wimbo wa Kidole, alieleza, kinanda kinalia mara moja, buum, sauti kumi na tatu kwa mpigo mmoja. Alizihesabu mara tisa. Mkewe alikuwa ameanza kumwangalia kwa wasiwasi.

"Mzee," alisema Kidole, "mimi sipigi kinanda."

"Unapiga nini?"

"Kompyuta."

"Maskini. Imekukosea nini?"

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Kidole alimwonyesha fundi kioo cha kompyuta, kilichojaa vijumba vidogo. Kila kijumba kilikuwa sauti moja, naye alibofya kijumba cha kwanza, kikapendeza, akaongeza cha pili, kikapendeza zaidi, akaendelea hivyo mpaka aliporidhika. Hakuna mahali popote kompyuta ilipomuuliza ana vidole vingapi.

Uso wa fundi ulinywea. "Mwanamuziki asiyepiga chombo! Huyo ni mwanamuziki wa namna gani?"

"Ngoja kwanza," alisema Shangazi. "Mimi nimeshona suti za mabwana harusi tangu huyu hajazaliwa. Sijawahi kuvaa hata moja. Nami si fundi?"

"Hiyo ni tofauti, mama."

"Tofauti iko wapi? Wewe mwenyewe unapiga nini?"

Fundi alikohoa. "Mimi nagonga noti moja moja. Ikikaa sawa, nahamia nyingine."

"Hata wimbo mmoja huujui?"

"Najua nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya mwanzo," alisema fundi kwa sauti ndogo, na Shangazi akamwonea huruma, akamvutia kiti.

Hapo ndipo maneno ya kweli yalipomtoka. Alikuwa na binti wa miaka tisa, aliyezaliwa na vidole sita katika mkono wa kushoto. Tangu alipojua kutambaa alikuwa akicheza na vinanda vya karakana. Kisha akahamia shule mpya, watoto wakamcheka, na kwa miezi mitatu sasa ule mkono ulikuwa unaishi mfukoni. Alikula kwa mkono mmoja. Alikataa gauni lolote lisilo na mfuko. Vinanda hakuvigusa tena.

"Nikamwambia kuna mtu redioni ana kumi na tatu, na watu wanampenda. Nikamwambia nitampeleka amwone." Fundi alifuta pua. "Yuko nje, amekaa kwenye ngazi."

Kidole alitaka kurudi nyuma ya pazia na kujifunika vitambaa. Badala yake alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaweka mikono yake magotini.

Binti alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. "Kumi," alisema.

"Kumi," alikubali Kidole.

"Baba amedanganywa na masikio yake."

"Baba yako ana masikio mazuri sana. Ni wimbo wangu uliomdanganya. Niliutengeneza bila kufikiria mikono."

Binti alilitafakari jambo hilo. "Kaka, Jumamosi una onyesho ukumbini. Nimeona tangazo. Utakaa mbele ya kinanda?"

"Ndiyo." Meneja wa ukumbi alikuwa ametaka kinanda kiwepo jukwaani kwa ajili ya mapambo, Kidole akae mbele yake huku kompyuta ikifanya kazi yote. Kidole hakuwa ameona ubaya wowote. Sasa, mbele ya macho yale, aliuona. "Basi tuahidiane, mdogo wangu," alisema kabla akili haijamfikia. "Ile sauti ya katikati nitaipiga mwenyewe, mikono wazi, watu wote wakiona. Na wewe utaleta mkono wako."

"Nitauleta. Lakini hautatoka mfukoni."

"Uje tu na mfuko wake."

Wakapeana mikono ya kulia.

Siku tatu zilizofuata Kidole alishinda katika karakana ya fundi akijifunza kinanda. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na vidole vya mbao. Kimoja kikienda, cha jirani kilikwenda pia kukisindikiza. Fundi alimfundisha ile nusu ya wimbo aliyoijua, kisha wote wawili wakabaki wakitazamana. Ijumaa mchana Kidole aliweza kupiga sauti mbili kwa pamoja bila kukosea. Mbili kati ya kumi na tatu.

Bahati mbaya, fundi hakuwa mtu wa kutunza siri. Kabla hajafika kwa Shangazi siku ile, alikuwa ameuliza njia kwa kinyozi, kwa muuza magazeti na kwa kila aliyekuwa na masikio, akitaja vidole kumi na tatu kila aliposimama. Habari zilimfikia meneja. Ijumaa jioni alitokea dukani ameshika simu tatu na mkataba.

"Tiketi zimekwisha! Watu wanataka vidole!"

"Sina," alisema Kidole.

"Najua huna. Mama hapa ni fundi cherehani, atashona glavu. Sita kushoto, saba kulia, vya ziada vijazwe pamba. Ukimaliza onyesho tu natia sahihi hapa. Kila Jumamosi, mwaka mzima."

Mwaka mzima! Kidole alikuwa ameuota ukumbi ule tangu amalize shule. Alimtazama Shangazi ili amkataze. Shangazi naye alimtazama yeye, ili akatae. Kila mmoja akamngoja mwenzake, na katika kungojana huko kazi ikapokelewa.

"Hili ni jambo la aibu," alisema Shangazi akitia uzi kwenye sindano. "Lakini siwezi kushona vibaya."

Glavu zilitoka nzuri ajabu, nyeupe, na kila kidole kikiwa na kucha ya kudarizi. Kasoro ilikuwa moja tu. Vile vya pamba havikuwa na mfupa. Jumamosi, saa kumi jioni, Kidole alipoupungia mikono yote miwili ukumbi uliojaa mpaka mlangoni, vidole vitatu vililala chali na kurudi, kama masikio ya sungura. Watu walipiga mayowe ya furaha.

Alikaa mbele ya kinanda. Safu ya mbele alimwona fundi, akamwona Shangazi, na kati yao akamwona binti katika gauni la kijani lenye mfuko mkubwa. Binti alikuwa akizitazama glavu. Hakukasirika, hakununa. Aliusukuma tu mkono wake ndani zaidi ya mfuko, mpaka kiwiko kikakaribia kuingia.

Nyuma ya pazia la jukwaa, meneja aliinua mkataba na kumkonyeza.

Kidole akaanza kuvua. Alivuta kidole kimoja kimoja, na pamba ikamwagika jukwaani. Akainua mikono yake mitupu. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Vingine umesahau nyumbani?"

"Viko kwa dobi!" alijibu mwingine, na kicheko kikalipuka.

Kidole alishika kipaza sauti. "Jamani, mimi ni wa vidole kumi, kama nyinyi. Na sipigi chombo. Wimbo huu niliutengeneza kwa kipanya, stoo kwa shangazi yangu, na naupenda kwa moyo wangu wote. Ila nilimwahidi mtu kwamba sauti moja nitaipiga mwenyewe."

Nyuma ya pazia ilisikika karatasi ikichanwa. Ilichanwa taratibu, ili aisikie vizuri. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Hata hivyo akabofya kipanya, wimbo ukaanza, ukapanda, ukafika katikati. Kompyuta ikanyamaza pale alipoiamuru inyamaze, na Kidole akashusha vidole vyake viwili.

Ting.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Kidole alibaki amekaa, masikio yakimwaka moto, vidole viwili bado vimegandamiza. Ahadi ilikuwa ahadi, hata ikiwa na sauti ya kijiko kilichoanguka.

Ndipo alipohisi mtu akijibana kando yake kwenye kiti.

"Kaka," alisema binti, "umepunguza kumi na moja."

"Najua. Ndipo nilipoishia."

Binti aliutazama ukumbi, akautazama mfuko wake. Kisha akautoa mkono wa kushoto, polepole, kama anayemtoa paka aliyelala, akaupanga juu ya kinanda pamoja na wa kulia. Aliijua ile sauti. Alikuwa ameisikiliza redioni kila siku, na vinanda vilikuwa vimemlea.

"Kaka, vyako viwili vikae hapa pembeni. Usiguse vyangu. Moja, mbili, tatu."

Buum.

Sauti ilikuwa nene na pana, ikatetemesha kinanda, jukwaa na pamba iliyotapakaa chini. Waliokuwa wakicheka walisahau kufunga midomo. Binti hakuinua vidole. Aliiacha iendelee kulia, mkono wake wazi mbele ya wote, mpaka mwisho kabisa.

Safu ya mbele, fundi alikuwa amefumba macho, machozi yakimteremka mashavuni, akihesabu kwa vidole vyake mpaka vikamwishia, akaazima vitatu vya Shangazi.

"Kumi na tatu," alisema. Akainamisha kichwa, akasikiliza tena. "Ila ile ya saba imeshuka kidogo. Nani anarekebisha kinanda cha hapa?"