Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

"Katika mtaa huu hakuna mwandishi wa hadithi za kisayansi anayenifikia," Mama Gundi alipenda kuwaambia wageni, na kabla mgeni hajamaliza kustaajabu, anamalizia mwenyewe: "Tuko wawili tu, na huyo mwingine ni wifi yangu."

Huyo wifi ndiye aliyekuwa mwiba. Dada wa mume, mwalimu wa hesabu, mwembamba kama rula yake, hajui kupandisha sauti. Miaka mingi iliyopita wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo moja, pamoja na wanaume watatu, na mmoja wa hao wanaume akashinda. Hilo halikumuuma Mama Gundi hata kidogo. Kushindwa na mgeni ni kama kunyeshewa: unakauka. Kilichomnyima raha ni kwamba tangu siku ile watu humsimamisha sokoni, wakamsalimu vizuri, wakawaulizia watoto, kisha wakasema, "Yule wifi yako anaandika, jamani."

Sasa maktaba ilikuwa imeamua kuvirudia vile vitabu vitano vilivyowania tuzo. Mkutubi, binti wa miwani mikubwa na maneno machache, alitaka kujua ni kipi wasomaji walikisoma kweli, si kipi walichokisifia, maana kimoja kingechapishwa upya. Kimoja tu. Mama Gundi alipoipata habari hiyo alivaa viatu vyake vya kutokea, vile vinavyobana, akafika mlangoni kabla ya ufunguo.

Wifi naye alifika, akakaa pembeni na mkoba wake mapajani. Mkutubi hakuuliza watu. Mtu akiulizwa juu ya vitabu hudanganya zaidi kuliko akiulizwa umri. Alivilaza vyote vitano mezani, akatazama kingo za kurasa. Kitabu kikishikwa, vidole huacha weusi pembeni, na weusi hukomea pale msomaji alipochoka. Mama Gundi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshona vitabu kiwandani miaka thelathini, hilo hakuhitaji kufundishwa.

Kitabu cha mshindi kilikuwa cheusi kurasa ishirini za mwanzo, kuanzia hapo kimetakata kama shuka la hoteli. Cha pili kilichafuka ukurasa mmoja tu, ule wenye busu. Cha tatu kilikuwa kipya kabisa, maskini, hata nondo walikipita. Cha Mama Gundi kilichafuka mpaka nusu. "Na kidogo baada ya nusu," alisema mwenyewe, akisogeza kidole. Cha wifi kilikuwa kimepiga masizi kutoka jalada hadi jalada.

Wivu ulimpanda, lakini alikuwa amekuja na dawa yake.

"Hicho hakihesabiki," akamwambia mkutubi. "Hakina mwisho. Kitabu kisicho na mwisho mtu atakisomaje mpaka mwisho?"

Na kweli, hakikuwa nao. Kila nakala iliyotoka kiwandani ilikosa kurasa kumi na sita za mwisho. Kiwanda kiliomba radhi kikailaumu mashine, kwa kuwa mashine haina mdomo. Mashine haikuhusika. Pale kiwandani karatasi za kitabu huwekwa mezani kwa mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita, na mshonaji hupita akiokota moja moja kwa mpangilio wake. Kazi ile ilikuwa mikononi mwa Mama Gundi peke yake. Mwezi ule wa uteuzi alilifunika fungu la mwisho kwa gunia, na jioni akampelekea muuza sabuni akafungie wateja. Hakulisoma hata mstari. Alikuwa na heshima zake.

Kisha, ili apate la kucheka, akabeba nakala moja nyumbani. Hadithi ilikuwa ya mama aliyemngoja bintiye miaka sitini arudi kutoka kwenye nyota ya mbali. Chombo kinatua, mlango unafunguka, mguu unatokea, na mguu huo umevaa kiatu cha. Hapo ndipo alipokuwa amekata. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chakula kilimshinda. Alirudi mbio kwa muuza sabuni akanunua kila kipande kilichobaki, akajipatia sabuni ya kufulia ya mwaka mzima na nusu ya ukurasa wenye orodha ya vitabu vingine. Alichofanya baada ya hapo hakumwambia mtu, hata mumewe.

Pale pembeni wifi akafungua mkoba wake akatoa barua. Zilikuwa arobaini na moja. Alimweleza mkutubi kwamba kila moja ilitoka kwa msomaji aliyefika pale kitabu kilipokatika akaomba kujua kilichofuata, naye alimnakilia kila mmoja mwisho kwa mkono wake. Mkutubi akaanza kuzihesabu. Mama Gundi akasema barua si ushahidi, mwalimu ana wanafunzi wengi, na wanafunzi wana kalamu.

"Na wewe, wifi," mwalimu akauliza taratibu, "hukuwahi kukisoma?"

"Hata jalada sikulifungua. Nilikishona tu. Fundi wa majeneza hulala ndani?"

Mkutubi alitaka kucheka, akajizuia. Mwalimu alichambua zile barua, akachomoa moja.

"Huyu anasema ni mstaafu wa reli, anaishi mbali, ana moyo dhaifu, nimjibu upesi kwa sanduku la posta la rafiki yake. Kurasa mbili tu, lakini amezishona katikati kwa uzi, fundo limefichwa kwa ndani."

Mama Gundi alisema watu wa reli wana mambo mengi.

"Nami nilihisi hivyo," alisema mwalimu, akiirudisha barua kwenye bahasha. "Ndiyo maana yeye peke yake nilimtungia mwisho mwingine, wa uongo. Nikamuua binti mlangoni pale pale."

Mama Gundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kwa hiyo binti hakufa?" akauliza. "Wifi, mimi nililia siku tatu."